Mechi iliisha saa kumi na moja, mbona nilifika nyumbani saa tatu?

Mwezi uliopita tuliwaomba mtume maswali kuhusu usafiri wa siku ya mechi, kwenda na kurudi, na mkatuma kweli kweli, wengine mstari mmoja, wengine insha nzima na matusi ndani (matusi nimetoa, mengine yalikuwa yamefika mpaka kwa mama za watu). Nimechukua yale yanayojirudia. Na nimeona kitu, karibu hakuna aliyelalamika kuhusu kuingia, kilio chote ni cha kutoka. Kuingia watu wanakuja mmoja mmoja kuanzia saa sita, mwingine anapitia kwa samaki kwanza, mwingine anafika dakika ya 20 akiuliza ni ngapi ngapi, lakini refa akipuliza ya mwisho kila mtu anataka awe barabarani hiyo dakika. Majibu yangu mengi yanatoka hapo, kwa hivyo mkiona narudia neno mnivumilie.

SWALI: Habari mkubwa. Mimi ni wa Chavakali. Tulikuja uwanja wa Mamboleo, Kisumu, na gari, mimi na mabeste watatu, kulikuwa na kashamba hivi karibu na uwanja, majamaa wa reflekta wanaelekeza watu, nikatoa mia mbili, nikaambiwa hapa iko salama bosi, enda uangalie mpira. Kutoka napata mbele yangu kuna Probox mbili na lori ya kreti za soda, wenyewe hawaonekani, yule wa reflekta naye hayuko. Mechi iliisha saa kumi na moja jioni, nyumbani nimefika saa tatu usiku na bibi hataki hata kuskia mambo ya lori. Maswali yangu ni mawili, nani anafaa kunilipa hiyo hasara, na siku ingine nipaki wapi? – Baba Twins, Chavakali

JIBU: Pole sana Baba Twins. Mwonyeshe mama huu ukurasa, mimi hiyo lori naiamini. Lori za soda huletwa mchana, soda inauzwa mpaka dakika ya mwisho, halafu dereva lazima angoje kreti tupu zirudi zihesabiwe ndio aondoke, na hapo kuna chupa tatu hazionekani na kuna kijana anaitwa huku na kule. Mtu akikuambia lori inatoka sasa hivi, muulize kreti ziko wapi.

Hasara ya masaa hakuna mtu atakulipa, hiyo sahau. Kama gari ingegongwa au kuvunjwa kioo na unamjua aliyekuwa anaichunga, hapo kuna njia, kuna Mahakama ya Madai Madogo ambayo inasikiliza madai yasiyopita shilingi milioni 1 na unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini utamshtaki nani? Reflekta inauzwa sokoni, mtu yeyote anavaa. Kabla utoe pesa uliza vitu vitatu: shamba ni la nani, geti iko wapi, na nani atakuwa hapa mechi ikiisha. Halafu lipa kwa simu, usitoe pesa mkononi, kwa sababu ile meseji inabaki na jina la mtu na saa yenye ulilipa. Jamaa akisema simu yake haipokei, ati ni kesh tu, endelea na safari yako, kuna shamba ingine mbele.

Sasa kuhusu wapi. Wacha nikupeleke kwa hesabu kidogo kwa sababu naona watu wengi wanafikiria dawa ni pakingi kubwa. Gari moja ukihesabu pale inasimama na nafasi ya kupita nyuma yake inataka kama mita mraba 25. Uwanja wenyewe wa mpira, pale ndani kwenye nyasi, ni mita 105 kwa 68, hiyo ni mita mraba 7,140. Yaani tungesema leo hakuna mechi, magari yote yaingie uwanjani yajae mpaka golini, ni magari 285. Kila gari ikiwa na watu wanne (na mnajua wengi huja wawili) umebeba watu kama 1,140. Sasa mashabiki 10,000 wote wakija hivyo unataka viwanja tisa vya kupaki, ekari 15 na kitu. Ni nani atakuachia ekari 15 Mamboleo uweke gari masaa manne?

Na hata ukipewa, bado kuna geti. Geti moja ikitoa gari moja kila sekunde kumi, na hiyo ni wakati watu wana adabu, ni gari sita kwa dakika, hizo 285 zinamalizika baada ya dakika 48 hivi. Hapo hujafika barabarani kwenye unakutana na wale wa shamba zingine zote. Ni debe la maji linapita kwenye shingo ya chupa, ukiongeza ukubwa wa debe hujasaidia mtu.

Kwa hivyo mimi nasema hivi, paki upande wa kwenu, usipaki upande wa uwanja. Wewe ukitoka Chavakali unapita Mbale, Majengo, Kiboswa, halafu unateremka Riat mpaka Mamboleo. Kwa nini uliteremka na gari? Iache huko juu, Kiboswa au kabla ya mteremko wa Riat, mahali unajulikana, kwa shemeji, kwa kanisa, kwa petroli steshen ukiongea na meneja na ukaweka mafuta kidogo, halafu mteremke na matatu. Jioni mnapanda na boda, au mnatembea kidogo mpaka penye boda wamepungua kelele, mnafika kwa gari ikiwa peke yake barabara iko wazi mbele yenu. Wa Ahero vilevile, gari ibaki upande wa Nyamasaria. Wa tauni muache tauni. Ukibishana na mimi na bado unataka kupaki karibu, basi ingiza gari kwa rivasi, pua iangalie njia, usikubali safu ya ndani hata ukiambiwa hapo ndio kuna kivuli, na uandike namba ya simu kwa karatasi uweke kwa dashibodi. Hiyo karatasi wale wa Probox wangekuwa nayo saa hii tungekuwa tunaongea mambo ya mpira.

SWALI: Kwenda uwanjani nililipa 50. Kurudi makanga yule yule, gari ile ile, anasema 150 na usipopenda shuka. Kwani hii si wizi? Naeza ripoti wapi? – Kijana wa Manyatta

JIBU: Inauma lakini hapa Kenya serikali haipangi nauli za matatu, kila sacco (chama cha wenye matatu) inajipangia, kwa hivyo kupandisha peke yake hakuna afisa atakuandikia hapo. Wizi unaanza pale mlikubaliana 50 ukakaa halafu mbele ya safari inageuka 150. Ndio maana uliza ukiwa bado chini, na uulize kwa sauti wale wengine wasikie, “ni ngapi mpaka Kondele?”, akishasema mbele ya watu kumi ni ngumu kubadilisha. Ikitokea bado, andika namba ya gari na saa. Kila matatu kisheria iko ndani ya sacco au kampuni na jina limeandikwa ubavuni, na sacco ina ofisi na ina mwenyekiti, na huyo mwenyekiti ana uoga wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuliko vile ana uoga wako, kwa hivyo mpeleke kwa mdomo wa heshima na umtajie hizo herufi nne.

Lakini nikuambie vile mimi hufanya. Ile gari inapandisha ni ile imetoka tauni tupu kuja kuchukua watu wa mechi, imekaa kwa jam lisaa, na anajua hamna pa kwenda. Iache. Tembea kuelekea Kondele, usisimame na umati pale mbele, na ukifika mahali watu wameanza kuwa wachache ngoja matatu zenye zinatoka mbali, za Kakamega, za Mbale, zinateremka kwenda tauni na safari zao za kawaida. Hizo hazina habari kuna mechi. Kuna mtu ameshuka Mamboleo, kiti kiko wazi, makanga anafurahi kupata mtu wa kukijaza, unalipa ya siku zote. Kama unatembea na watoto au usiku umeingia hiyo kitu iache, lipa 150 uende nyumbani.

SWALI: Nina vijana wawili, wa miaka tisa na kumi na mbili, wanapenda mpira kuliko mimi. Tunaenda uwanja wa Bukhungu na boda kutoka Lurambi. Rider anataka kutubeba wote watatu, ati tukipanda pikipiki mbili ni pesa mingi. Kurudi ndio mbaya zaidi, boda wanang’ang’ania watu mpaka mtoto wangu mdogo aliwekwa kwa pikipiki ya mtu hatumjui akiwa na haraka ya kuondoka. Nisaidie. – Mama Junior, Kakamega

JIBU: Mama Junior, hiyo ya mwisho imenishtua kuliko zote nimesoma. Sheria ya trafiki inasema boda ni abiria mmoja, na dereva na abiria wote wavae helmeti na reflekta. Najua vile tunaishi, najua utaona pikipiki imebeba watu wanne na mbuzi, lakini hawa ni watoto na wewe ndio umeniuliza. Pikipiki mbili, mmoja wewe na mdogo... hapana, hata hiyo ni abiria wawili. Ukifanya hesabu ya sheria ni pikipiki tatu na hapo bei imeshinda matatu au tuktuk. Kwa hivyo usiende na boda. Chukueni matatu mpaka tauni halafu mtembee, Bukhungu iko hapo tu ndani ya tauni, miguu ya mtoto wa miaka tisa inafika bila kulia.

Kurudi ndio kuna kazi, na Kakamega ina shida yake ambayo Kisumu haina, nayo ni isukuti. Timu ya nyumbani ikishinda watu hawatoki, wanatolewa na ngoma. Ngoma inashika barabara yote, wazee mbele, vijana nyuma, mama mmoja na leso kiunoni katikati amefunga njia peke yake, na magari yote yanatembea mwendo wa ngoma. Hakuna boda itapita hapo, wakipita ni kwa kusukuma watu na hapo ndipo mtoto anakanyagwa. Enyewe mimi napenda hiyo kitu sana, Desemba 2017 kombe la CECAFA la Afrika Mashariki na Kati lilifunguliwa hapo Bukhungu, Harambee Stars wakapiga Rwanda 2-0, na mpaka leo ukigusia hiyo siku kwa kinyozi wa Kakamega hutanyolewa haraka. Lakini na watoto fanya hivi. Mechi ikiisha kaeni tu kwenye viti. Nusu saa. Beba kitu cha kula, waache waangalie wachezaji wakinyoosha misuli. Ngoma itangulie, umati uishe, halafu mtoke mkiwa nyuma yake mbali kidogo, hapo hata boda wenyewe wamerudi kwa bei ya kibinadamu na hawang’ang’anii mtu.

Na kabla ya kutoka nyumbani mpangie mahali pa kukutana kama mtapoteana, na isiwe getini. Getini kila mtu anangoja mtu. Iwe duka fulani, au kanisa, kitu mtoto anakijua kwa macho. Usitegemee simu, watu elfu kadhaa wakipiga pamoja utakuwa unaskia tu mteja hapatikani.

SWALI: Sisi ni kikundi cha mashabiki Nakuru, mechi ikiwa Kisumu huwa tunakodisha minibasi ya 33. Mara ya mwisho tulisimamishwa njiani, afisa akasema gari haina karatasi ya hiyo barabara, tukakaa hapo mpaka kipindi cha kwanza kikaisha tukiskiza kwa redio. Dereva anasema ni hongo tu walikuwa wanataka. Ukweli uko wapi? – Katibu, Nakuru

JIBU: Ukweli unaweza kuwa pande zote mbili bwana katibu, lakini afisa hakuwa ametunga. Matatu inapewa leseni ya barabara yake, ile inaitwa RSL, na ikitoka nje ya hiyo ruti kwenda kazi ya kukodiwa inafaa iwe na kibali cha muda kutoka NTSA. Mwenye gari anajua hii vizuri sana. Hakuchukua kwa sababu aliona mtapita tu, na mkipata shida mtachanga. Kwa hivyo kabla mlipe hata deposit mwambieni awaonyeshe hicho kibali, mpige picha, na muangalie tarehe, maana kuna wenye wanawaonyesha cha harusi ya mwaka jana. Asipokuwa nacho tafuteni mwingine, minibasi Nakuru hazijaisha.

Kitu cha pili ambacho hukuniuliza lakini nitasema. Nakuru mpaka Kisumu ni kama kilomita 180, mnapita Mau Summit, Londiani, Kericho, mnateremka Awasi na Ahero. Kwenda ni sawa. Kurudi mnarudi na dereva ambaye ameamka saa kumi alfajiri, ameshinda kwa jua akiangalia mpira na nyinyi, na pengine amekunywa na nyinyi pia. Pale makutano ya Londiani tarehe 30 Juni 2023 lori iliacha barabara ikaingia kwa watu na matatu, zaidi ya watu 50 wakafa, na hiyo haikuwa hata usiku wa manane. Kanuni za magari ya abiria zinasema dereva asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Kwa hivyo changeni mlipie dereva kitanda Kisumu alale mchana wakati nyinyi mko uwanjani, au muende na dereva wawili. Mkisema ni pesa mingi, gawanyeni kwa watu 33 muone kama haitoshani na bei ya soda.

Kuna wenye wananiuliza kuhusu treni. Treni ya abiria ya Nairobi kwenda Kisumu ilirudi Desemba 2021 baada ya reli ya zamani kukarabatiwa, na Nakuru iko kwa njia. Kwa mechi ya wikendi inaweza kuingiana, lakini ulizeni pale steshen kama inatembea na ratiba ikoje kabla mpange chochote na msitegemee treni kwa mechi ya Jumatano.

SWALI: Natumia magongo. Siku ya mechi barabara inafungwa mbali, matatu inatushukisha huko, na makanga wengine wakiona magongo wanasema gari imejaa na viti naviona. Nimeacha kwenda. Mtu kama mimi afanye nini? – Shabiki wa miaka mingi, Kisumu

JIBU: Kaka, kwanza ukae ukijua hauombi msaada hapa. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inasema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote pa umma na kutumia usafiri wa umma. Uwanja uko ndani ya hiyo na matatu pia. Huyo makanga muandike namba ya gari, safari hii uende kwa ofisi ya sacco mwenyewe ukiwa na mtu mmoja shahidi, maana hii si mambo ya nauli ambayo wanaweza kukuambia ni soko huria.

Lakini najua karatasi haikufikishi getini Jumapili. Piga simu kwa klabu inayochezea nyumbani siku tatu nne kabla, si siku ya mechi, siku ya mechi hakuna mtu atashika. Ulizia mtu wa mambo ya uwanja kwa jina, mwambie unakuja na tuktuk au teksi, na uulize ni kizuizi kipi wanaruhusu gari ya mtu mwenye ulemavu kupita mpaka mlangoni. Uombe akutumie meseji. Hiyo meseji unamwonyesha afisa pale kwenye kizuizi, mara nyingi anachotaka ni mtu wa kumlaumu kama kuna shida, na wewe umemletea jina. Tuktuk ni nzuri kuliko teksi kwa sababu inageuka mahali padogo na maafisa hawaihesabu kama gari ya mkubwa. Na dereva wa tuktuk mlipe nusu ya kurudi mkishaongea saa, nusu akija, asikuache.

Viongozi wa klabu wakisoma hapa: nyinyi mnaweka nafasi kumi za magari ya wageni waheshimiwa karibu na mlango na waheshimiwa wanakuja na miguu mizuri kabisa. Toeni mbili. Wataishi.

SWALI: Mimi naishi karibu na uwanja. Siku ya mechi geti yangu inafungwa na magari ya watu, siwezi hata kutoa ng’ombe. Jirani ameanza kulipisha watu ndani ya boma lake. Na mimi naweza? – Mwenye boma

JIBU: Unaweza, na unafaa. Mechi moja ukiingiza gari 15 kwa mia mbili ni elfu tatu, ng’ombe atakuelewa. Ikiwa itakuwa kitu cha kila wikendi enda kwa kaunti uulize mambo ya leseni ya biashara mapema, kabla wao hawajakuja kukuuliza wewe. Halafu nikupe sheria za boma. Chora njia katikati kwa chokaa au kwa mawe na usiuze hiyo njia hata mtu akikupa elfu. Andika namba ya kila gari na simu ya mwenyewe kwa kitabu. Wa mbali waingie kwanza karibu na geti... ama tuseme hivi, muulize mtu unaondoka saa ngapi, anayesema anabaki kunywa apelekwe nyuma kabisa. Usichukue funguo za watu. Ukichukua funguo umechukua gari, ikikwaruzwa ni wewe, hata uandike ukutani kwa herufi kubwa namna gani ati kupaki ni kwa hatari yako mwenyewe. Na ukae hapo mpaka gari ya mwisho itoke, usiwe kama yule wa reflekta wa Baba Twins.

Kwa wale wanaofunga geti yako, siku moja kabla weka mawe mawili makubwa na debe iliyopakwa rangi nyeupe. Inashinda kibao, kibao watu huhamisha.

SWALI: AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Si serikali ijenge pakingi kubwa kwa kila uwanja tumalizane na hii aibu? – Mzalendo, Bungoma

JIBU: Hesabu ya ekari 15 nimeifanya huko juu, irudie. Kitu ningetaka kuona ni tiketi inayobeba mtu. Ujerumani klabu nyingi za Bundesliga, ile tiketi ya mechi ndiyo tiketi yako ya basi na treni siku hiyo, umelipia kwa bei moja, na watu wanaacha gari nyumbani bila kuambiwa na mtu. Sisi hatuna treni za mjini huku lakini tuna sacco. Klabu ikae na sacco mbili tatu, iseme tiketi ni mia tatu, na mia moja ya hapo ni nauli ya kwenda na kurudi kutoka tauni, matatu zingojee mahali pamoja zikiwa zimepangwa safu kulingana na zinakoenda, za Kondele huku, za Kibuye kule. Matatu ya 14 inabeba kama gari ndogo nne na inachukua nafasi ya moja na nusu. Kubeba watu 10,000 ni safari 715, ndio, nyingi, lakini gari moja ikirudia mara nne tano jioni hiyo unahitaji kama 160, na hizo ziko, ni vile saa hizo zimesimama zikipigania watu badala ya kuwabeba. Hii haingoji 2027, hata mechi ya ligi ya Jumapili inaweza jaribiwa.

SWALI: Niondoke dakika ya 80 nikwepe jam? Beste yangu anasema huo ni usaliti. – Wa Nyalenda

JIBU: Kama timu yako inaongoza tatu bila na kesho una zamu ya asubuhi, ondoka, hakuna mtu atakuhukumu. Ikiwa moja moja na unaondoka, beste yako amesema vizuri. Mimi hubaki mpaka watu wa nyavu wanaanza kuzikunja. Ila ukiamua kutoka dakika ya 80 nakuomba kitu kimoja, kama umekaa mstari wangu usisimame mbele yangu wakati wa kona.

Mwezi ujao: walinda mlango wa ligi zetu na mipira ya juu. Tumeni maswali, mafupi.